Alichofunika Ozella Mabry

Viatu vya baleti, vile vya kusimamia ncha za vidole, haviji dukani vikiwa tayari kuchezewa. Huja vigumu, vina ubishi, na ukivivaa hivyo hivyo vinakula nyama ya vidole mpaka soksi inageuka nyekundu. Mchezaji lazima avipige kwanza. Anabana visigino kwenye mlango, anakunja soli mpaka ilie, kisha anagonga kichwa cha kiatu kwa nyundo hadi kinyamaze. Ozella Mabry alikuwa na nyundo yake mwenyewe, ya mpini mfupi, aliyorithi kwa marehemu baba yake, na alivipiga viatu kwa raha ambayo mama yake hakuipenda hata kidogo.

"Hivyo viatu vimekukosea nini, mwanangu?" Lula Mabry aliuliza kutoka jikoni, huku akigeuza samaki kwenye kikaango.

"Vimezaliwa pinki, Mama."

"Na wewe umezaliwa na kichaa cha baba yako. Usinivunjie ngazi."

Pinki ilikuwa rangi ya waliovitengeneza. Ozella alikuwa mweusi wa kukolea, na kiatu cha pinki kilimkata kwenye kifundo, ukimtazama kwa mbali ukadhani nyayo zake ni za kuazima. Maduka ya Detroit hayakuwa na poda ya rangi yake. Aliyekuwa nayo ni Thaddeus Gaines, mzishi wa mtaa wa Hastings, kwa sababu maiti weusi nao hupambwa kabla ya kuagwa. Basi wasichana wa shule ya baleti ya Madam Upshaw walipaka viatu vyao poda ya maiti, na mtaa mzima ulijua.

"Hao wachezaji wa makaburini!" vijana waliokaa mbele ya kinyozi walipiga kelele. "Ozella, utakuja kunichezea nikifa?"

"Wewe kufa kwanza, Rufus, halafu tuzungumze."

Madam Corinne Upshaw alifundisha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya maziko ya Gaines. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga piano kwenye shule ya wasichana wazungu, mgongo kwa darasa, na kila walichofundishwa alikiona kwenye kioo kilichokuwa mbele ya piano. Ndiyo maana maishani mwake mwote alichanganya kushoto na kulia. Akisema kulia, wanafunzi wake walikwenda kushoto bila kuuliza, na yeye aliridhika. Wenye magazeti walikuwa wakiandika kwamba mwili wa mtu mweusi haukuumbwa kwa baleti, eti nyayo ni bapa na makalio ni mazito. Madam alikuwa akikata habari hizo na kuzitumia kuwashia jiko.

Mwaka ule wa 1943, baada ya kuomba na kukataliwa mara nyingi, alifanikiwa kukodi ukumbi mkubwa kwenye barabara ya Woodward. Haikuwahi kutokea shule ya weusi kucheza baleti kwenye jukwaa lile, lenye mapazia mekundu na taa zilizopangwa ukingoni. Ilikuwa jioni moja tu, Jumatatu ya mwezi Juni. Ozella ndiye aliyepewa kucheza peke yake mwishoni, dansi ya mizunguko, anazunguka na kuzunguka kwa ncha ya mguu mmoja mpaka muziki ukatike. Alikuwa na miaka kumi na tisa, usiku anasugua sakafu za kiwanda cha injini za ndege, mchana anazunguka. Hakutaka mume, hakutaka nyumba. Alitaka ile jioni moja. Aliitaka mpaka akawa mtu mbaya, anagombana na kila mtu, na mama yake alimwombea kanisani kwa kumtaja jina.

Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo, mji ulipasuka. Wazungu waliambiwa kwamba weusi wamemnajisi mwanamke wa kizungu kule kisiwani, katikati ya mto. Weusi waliambiwa kwamba wazungu wamemtupa mama mweusi na kichanga chake mtoni. Yote mawili yalikuwa uongo, na watu waliuana kwa ajili yake. Ozella alitoka zamu yake asubuhi akasikia haya yote getini. Wenzake walimshika mkono.

"Usipite Woodward, Ozella. Wanatoa watu kwenye tramu."

"Nina mazoezi ukumbini saa nne."

"Mazoezi? Mji unaungua, wewe unasema mazoezi?"

"Na ukiungua ukumbi nitacheza barabarani. Niachieni mkono."

Alipanda tramu. Kwenye mkoba wake mlikuwa na viatu vilivyopakwa poda, taulo, mkate wenye siagi na ile nyundo. Pembeni yake aliketi mwanamume wa makamo aliyevaa suti, Cleophus Rudd, kinyozi mwenye duka huko Hastings, ambaye alimjua kwa sura. Walisalimiana kwa kichwa tu.

Kundi la wazungu liliwakuta karibu na ukumbi, Ozella akiliona kabisa bango la onyesho lao juu ya mlango. Mtu mmoja alivuta mlingoti wa juu ya tramu ukaachana na waya wa umeme, gari likazimika. Dereva alifungua mlango bila kuambiwa. Kioo kilivunjika, kisha kingine. Mikono iliingia, mingi, ya vijana na ya watu wazima waliovaa tai, na bwana Rudd alitolewa kupitia dirishani huku koti limeshikwa na vipande vya kioo.

"Na huyu! Mtoeni na huyu mwanamke!"

Ozella hakusubiri kutolewa. Alishuka mwenyewe, nyundo mkononi. Wa kwanza kumgusa alimpiga kwenye mfupa wa bega, na aliusikia ukivunjika. Mtu yule alipiga kelele kama mtoto. Sitaficha, maana hata yeye mwenyewe hakuwahi kuficha: alifurahi. Alifurahi mno hivi kwamba alirudi kumpiga tena, wakati kichochoro kilikuwa wazi nyuma yake na angeweza kukimbia. Wa pili alimpata kwenye goti. Wa tatu alimkosa, na hapo walimwangusha.

Kuna namna watu wetu hulala wakipigwa. Tunaijua bila kufundishwa. Unajikunja, magoti kwenye kifua, mikono juu ya kichwa, viwiko mbele ya uso, unawaachia mgongo na unangoja. Bwana Rudd alikuwa amelala hivyo hivyo hatua chache tu kutoka kwake, na kupitia kati ya viwiko vyake alimwona msichana akifanya jambo ambalo hakuwahi kuona mtu akilifanya.

"Kichwa! Binti, funika kichwa!"

Ozella alikuwa anafunika miguu. Alizikunja nyayo zake chini ya sketi, akazikalia, akazikumbatia kwa mikono yote miwili, na uso wake akauachia barabara nzima. Walimpiga mateke usoni. Walimpiga kwa mkanda, kwa fimbo, kwa ubao uliotoka kwenye tramu. Hakuinua mkono hata mmoja. Askari polisi alikuwa pale pembeni, mikono kiunoni, anatazama. Kisha mtu mmoja akaja na chupa.

Gari lililowachukua lilikuwa la maiti, la Gaines mwenyewe, kwa sababu ndilo gari pekee la mweusi ambalo kundi lile liliachia njia. Waliambiwa wamebeba wafu, wakacheka, wakapisha. Bwana Gaines alipotaka kuichomoa nyundo kwenye kiganja cha Ozella alishindwa, vidole vilikuwa vimekaza.

"Miguu," alisema, meno yakiwa yameng'oka. "Bwana Gaines, niangalizie miguu."

"Miguu yako mizima, binti yangu."

Alikuwa anasema kweli. Hata kucha moja haikuwa imevunjika. Hospitali ndiko walikomtoa jicho la kushoto.

Mwenye ukumbi alipiga simu kabla mitaro haijakauka damu. Madam Upshaw alisikiliza, akasema "Ndiyo, bwana," akasema tena "Ndiyo, bwana," akakata simu, kisha akaing'oa simu yenyewe ukutani akaitupa uani. Onyesho limefutwa. Mwenye ukumbi alikuwa amesema eti watu wenu hawajatulia. Watu wetu walikuwa bado wamepangwa kwenye barafu ya Gaines wakingoja majeneza, na huo ndio utulivu wenyewe.

Ozella aliporudi kwenye chumba cha nyuma, uso umeshonwa, alimkuta Madam anafagia.

"Tutacheza humu humu," Madam alisema bila kuinua macho. "Kwenye ukumbi wa ibada. Gaines amekubali, Jumapili ambayo hana mazishi. Vaa viatu."

Alivaa. Alisimama kwa ncha, akazunguka, akaanguka.

Anayezunguka hutafuta kitu kimoja mbele yake cha kutazama. Mwili unazunguka, kichwa kinabaki nyuma, macho yameshika kile kitu hadi mwisho, halafu kichwa kinaruka na kukikamata tena kabla mwili haujafika. Bila hivyo dunia inageuka uji. Ozella alikuwa ameiokoa miguu akapoteza kile kinachoiongoza. Upande wa kushoto palikuwa na giza, na kila kichwa kilipopita pale, mbele ilipotea. Alianguka kwenye piano. Alianguka kwenye viti. Alitapika kwenye ndoo ya kudekia, akasimama, akaanguka tena, akapiga ngumi sakafuni na kutukana matusi ya kiwandani ambayo chumba kile hakikuwahi kuyasikia.

"Simama," Madam alisema.

"Siioni mbele, Madam! Nimewapa uso wangu wote, nimewapa, na mbele siioni!"

"Nimesikia. Simama."

"Ningefunika kichwa. Yule kinyozi aliniambia. Ningefunika kichwa!"

Madam Upshaw alikwenda kwenye mkoba, akatoa nyundo. Mpini bado ulikuwa na doa. Alikwenda kusimama mwisho wa chumba, akainama kwa shida maana magoti yalimsumbua, akapiga ubao wa sakafu kwa nguvu zake zote.

"Hapa ndipo mbele," alisema. "Kama huioni, isikie. Njoo."

Pigo, mzunguko. Pigo, mzunguko. Alianguka mpaka magoti yakachubuka nyama. Kiangazi chote kilipita hivyo, na wapita njia wa Hastings walidhani Gaines anagongelea majeneza, wakavua kofia.

Jumapili yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, madirisha wazi. Watu walijaa kwenye viti vya waombolezaji wakijipepea kwa vipepeo vya karatasi vyenye tangazo la Gaines. Nyuma ya pazia la pembeni palikuwa na marehemu mmoja, bibi kizee wa watu, ambaye ndugu zake walikuwa njiani kutoka Georgia, na Gaines alimwomba radhi kabla ya kufungua mlango. Lula Mabry alikaa mbele na leso yake. Rufus na wenzake wa kinyozi walisimama ukutani, safari hii kofia mikononi. Bwana Rudd alikuja na mikono yote miwili imefungwa plasta.

Ozella alitoka bila kitambaa cha jicho. Madam alimletea, akakikataa. Kovu lilikuwa wazi, shimo lilikuwa wazi, na viatu vya rangi ya ngozi yake viliungana na miguu bila kukatika popote, mguu mmoja mrefu kutoka nyongani hadi ncha. Watu walivuta pumzi. Kisha piano ikaanza, na mwisho wa chumba, chini ya msalaba, Madam Corinne Upshaw aliyevaa gauni la hariri alipiga magoti na kupiga nyundo.

Alizunguka. Jamani, alizunguka! Uso ulioharibiwa ulipita mbele yao, ukapotea, ukarudi, ukawatazama kwa jicho moja, ukarudi tena, na kila uliporudi ulikuwa na hasira ile ile. Haukuwa uzuri wa kutabasamu. Wanawake walilia wakiwa wameziba midomo. Piano iliishiwa muziki na nyundo ikaendelea, naye akaendelea na nyundo, mpaka Madam mwenyewe akachoka mkono. Bwana Rudd hakuweza kupiga makofi. Alipiga sakafu kwa miguu, wote wakamfuata, na nyumba ya maziko ikatetemeka hadi vikombe vya mezani kwa Gaines vikaanguka.

Hiyo ndiyo jioni yake, na ilikuwa mchana. Hakuna kampuni iliyomchukua. Aliandika New York, akajibiwa na mtu mmoja kwamba hata kama angekuwa na macho mawili... Hakumaliza kuisoma barua, akawashia jiko kama alivyofundishwa.

Madam alipofariki, shule ikawa ya Bi. Mabry. Wasichana wa Hastings, na baada ya Hastings kubomolewa wapitishe barabara kuu, wasichana wa mtaa wa Kumi na Mbili, walikua wakijua mambo mawili ambayo hayafundishwi shule nyingine yoyote ya baleti. La kwanza, unazunguka kwa sauti ya nyundo. La pili, baada ya mazoezi ya kushika ufito wa ukutani, unalala chini. Bi. Mabry akipiga makofi mara moja, watoto wenye sketi nyeupe walianguka, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, viwiko mbele ya uso. Alipita kati yao akirekebisha viwiko kwa ncha ya kiatu.

"Darnetta, jicho liko nje."

"Lakini Bi. Mabry, hii nayo ni baleti?"

"Funika jicho."

Darnetta Pruitt ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote aliowafundisha, na alijua. Kiangazi cha 1967 alikuwa na nafasi yake New York, kwenye kampuni ya kweli, anaondoka Agosti. Kila mtu alikuwa amemchangia kikapu kilipopitishwa kanisani. Julai mji ulipasuka tena, mtaa wa Kumi na Mbili ukaungua nyumba kwa nyumba, na wanajeshi waliokuwa wakisaka wapiga risasi walimkuta Darnetta kwenye ngazi za kwao. Alitaka kuingia ndani. Walimwangusha. Alifanya kama alivyofundishwa tangu utotoni, vizuri kabisa, bila kufikiri. Alifunika kichwa. Mmoja wao akasimama kwa buti juu ya mguu wake wa kulia na kugeuka nao, kama mtu anayezima sigara.

Alikuja shuleni siku ambayo moshi ulikuwa umeanza kupungua, kwa magongo, plasta hadi gotini. Bi. Mabry alikuwa na darasa la wadogo. Kina mama walikuwa wameomba darasa liendelee, watoto wapate pa kukaa.

"Umeniona?" Darnetta alisema mlangoni. "Niangalie. Uso mzuri kabisa, si ndiyo? Hata mkwaruzo hakuna!"

"Ingia, mwanangu. Keti."

"Sitaki kuketi! Mifupa imesagika, daktari amesema sitasimama kwa ncha tena. Ungenifundisha kufunika mguu! Wewe ulifunika mguu, ukacheza. Mama ananihadithia tangu mdogo jinsi ulivyocheza."

"Nilicheza mara moja."

"Mimi sitacheza hata hiyo moja!" Alikuwa analia sasa, na alichukia kulia. "Niambie ukweli. Wangekuangusha leo, pale Woodward, ungefunika nini?"

Bi. Mabry alikuwa na jicho moja la kumtazamia, na hakuliondoa. Angeweza kudanganya. Watoto walikuwa wanasikiliza, wengine bado mkono umeinuliwa hewani.

"Miguu," alisema.

"Basi kwa nini? Kwa nini ulitufundisha kichwa?"

"Kwa sababu kile kichwa kilikuwa changu, nilikuwa na haki ya kukitoa. Hiki ni chako, na mama yako anakipenda. Nilidhani ukikifunika watakuacha na vingine. Nilidhani wakikosa kimoja watachoka. Nilikosea, Darnetta. Hawachoki, na mimi sijui tena cha kufunika."

Darnetta aliiona nyundo juu ya piano. Aliinyakua, gongo likaanguka, na kwa mguu mmoja alijitupa kwenye kioo kikubwa cha ukutani akakipiga kwa nguvu zake zote. Kilipasuka kutoka juu hadi chini.

Nyuma yake wale wadogo, waliokuwa wamezoea, walisikia nyundo na kuzunguka.

Walizunguka wote pamoja, mara moja, safi, viatu vya kahawia juu ya sakafu, vichwa vikabaki nyuma, vikaruka, vikamkuta. Wakasimama wakimtazama yeye, kwa sababu mbele ilikuwa pale alipo. Vipande vya kioo vilikuwa bado vinadondoka. Darnetta alitazama nyundo, akawatazama, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akainama taratibu na kupiga ubao wa sakafu. Wakazunguka tena. Akapiga kwa hasira zaidi, nao wakaenda kwa kasi zaidi, huku machozi yakimdondokea kwenye plasta.

Bi. Mabry alichukua ufagio akaanza kuondoa vioo karibu na miguu yao.

"Mabega chini," aliwaambia watoto. "Msikilizeni Bi. Pruitt."